Jinsi ya kutambua chapa na asili ya baiskeli kuukuu

BAISKELI ya zamani inapotolewa ghalani na kuuzwa, muuzaji huitaja kwa jina moja tu: Raleigh. Jina hilo limekuwa kama sifa katika sehemu nyingi za Magharibi mwa Kenya, na si ajabu kusikia likipewa baiskeli ambayo haikuwahi kuuona mji wa Nottingham.

Kwa mnunuzi wa Malava, Kaunti ya Kakamega, suala la asili ya baiskeli si la kujigamba tu. Ndilo linaloamua iwapo vipuri vitapatikana madukani, iwapo fremu itahimili gunia la mahindi au abiria, na iwapo pesa anazotoa zinalingana na chuma anachopewa. Zaidi ya hayo, ndilo linaloweza kumwepusha na mali ya wizi.

Malava, mji ulioko kwenye barabara kuu ya kutoka Kakamega kwenda Webuye, usichanganywe na Malaba, ule wa mpakani katika Kaunti ya Busia. Hata hivyo, majina haya mawili yanakutana katika historia ya baiskeli. Ni katika mpaka wa Busia ambako uchukuzi wa boda boda ulianza miaka ya 1960, wakati waendeshaji walipokuwa wakiwavusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, kabla ya biashara hiyo kuenea kwingineko kwa jina lililotokana na neno la Kiingereza la mpaka.

Katika eneo la Wakabras, penye mashamba ya miwa na viwanda vya sukari vya West Kenya na Butali, baiskeli nyeusi yenye karia pana ilibeba kila kitu kwa miongo mingi. Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 250. Pikipiki ziliteka vituo vya boda boda, nazo baiskeli zikaegeshwa kwenye kuta za majiko na maghala.

Tangu hapo adui wa baiskeli kuukuu amekuwa mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Biashara hiyo inaongozwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na ilipigwa marufuku kwa muda Januari 2022 kufuatia uharibifu wa miundombinu ya umeme, kisha ikaruhusiwa tena Mei mwaka huo. Fremu iliyotengenezwa kwa ustadi miaka 60 iliyopita hupimwa kwa kilo sawa na bati la paa. Mwenye kujua anachokitazama anaweza kuiokoa kabla haijafika huko.

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuanzia kwenye maandishi. Vibandiko vya majina ya chapa mashuhuri huuzwa madukani, na fundi yeyote wa rangi anaweza kuibatiza baiskeli jina jipya kwa alasiri moja. Nembo ya chuma iliyopigiliwa mbele, kwenye bomba fupi lililo chini ya usukani, ina uzito zaidi kama ushahidi, lakini nayo hung'olewa na kuhamishwa. Tazama matundu yake. Kila kiwanda kilitoboa matundu ya nembo yake kwa nafasi na mpangilio wake, kwa hivyo bomba lenye matundu ya ziada yaliyofichwa chini ya rangi linaonyesha kwamba nembo iliyopo si ya kwanza kukaa hapo.

Nembo yenyewe isomwe kwa makini, hasa zile zenye ndege. Raleigh hutumia kichwa cha korongo mwenye shingo ndefu. Phoenix ya Shanghai hutumia ndege wa hadithi mwenye mkia mrefu, nayo Flying Pigeon, ambayo ilianza kutengenezwa Tianjin mwaka 1950, hutumia njiwa. Nembo ikishalika kutu na kusuguliwa miaka mingi, ndege hawa watatu hufanana kuliko mtu anavyodhani, na wauzaji wengine hawaoni haja ya kueleza tofauti.

Bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja ni alama ya BSA, kampuni ya Birmingham iliyoanza kwa kutengeneza silaha. Mkono mwekundu ulio wazi ni Rudge. Mtu aliyebeba dunia mabegani ni Atlas, chapa iliyoanzishwa Sonipat, India, mwaka 1951.

Baada ya nembo, shuka hadi kwenye gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Viwanda vya Uingereza vilipenda kukata alama zao ndani ya chuma hicho, na alama hiyo haiwezi kupakwa rangi ikageuka. Gurudumu la Raleigh lina vichwa vya korongo, la BSA lina herufi hizo tatu, na la Humber lina watu watano waliopangwa kwa duara. Ni kweli kwamba gurudumu hilo linaweza kubadilishwa, lakini ni nadra mtu kuhangaika kutafuta la Humber ili kudanganya. Yamkini likiwepo ni la baiskeli hiyo tangu mwanzo.

Hapa inafaa kueleza kwa nini baiskeli nyingi nyeusi, zile Wakenya wanazoziita Black Mamba, zinafanana mno. Zote ni wazao wa baiskeli moja ya Kiingereza: fremu ndefu iliyolala nyuma, magurudumu ya inchi 28 kwa 1½, na breki zinazovutwa kwa fimbo za chuma badala ya waya. Frank Bowden aliianzisha kampuni ya Raleigh mjini Nottingham mwishoni mwa miaka ya 1880, na katika karne ya 20 kampuni hiyo ilimeza washindani wake mmoja baada ya mwingine. Humber ilichukuliwa mwaka 1932, Rudge mwaka 1943 na idara ya baiskeli ya BSA mwaka 1957. Mnamo 1960 Raleigh yenyewe iliungana na kampuni ya Tube Investments, iliyokuwa ikimiliki Phillips na Hercules.

Matokeo yake ni kwamba Hercules ya kabla ya 1960 ni baiskeli ya Birmingham, ilhali ya baadaye inaweza kuwa Raleigh iliyovishwa nembo nyingine. Mafundi wanaosema kwamba "Hercules na Raleigh ni kitu kimoja" wana haki kwa sehemu, lakini inategemea umri wa baiskeli.

India ndiyo inayoongeza utata. Kampuni ya TI Cycles ilianzishwa Madras mwaka 1949 na kutengeneza Hercules huko huko. Kiwanda cha Sen-Raleigh cha Asansol, Bengal Magharibi, kilitengeneza Raleigh kuanzia miaka ya 1950. Kisha kukaja chapa za Kihindi zenyewe: Atlas, Avon, na Hero ya Ludhiana iliyoanzishwa mwaka 1956. Kwa hivyo, Raleigh au Hercules yenye nembo halali kabisa inaweza kuwa ya India, na hapana udanganyifu wowote hapo. Aidha, haimaanishi kwamba ni mbovu. Baiskeli za India zilijengwa kwa barabara zinazofanana na zetu, na vipuri vyake ndivyo vinavyopatikana kwa wingi katika maduka ya mashambani. Mchukuzi wa maziwa anayetaka chombo cha kazi pengine atanufaika zaidi na Hero iliyo nzima kuliko Raleigh ya Nottingham inayohitaji kuagiziwa nati.

Idadi ya spoku ni kidokezo kingine. Baiskeli za Kiingereza za aina hii zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, na Wahindi na Wachina waliuiga mpango huo. Magurudumu yote mawili yakiwa na spoku 36, huenda baiskeli ilitoka bara Ulaya, au magurudumu yamebadilishwa. Kuhesabu spoku hakumtofautishi Mwingereza na Mhindi, lakini kunamtenga Mholanzi na Mfaransa.

Ushahidi bora kuliko yote, na ambao wauzaji wengi hawaujui, umo ndani ya gurudumu la nyuma. Baiskeli nyingi za Kiingereza zilifungwa habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer, kampuni dada ya Raleigh. Futa grisi na vumbi katikati ya habu hiyo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nawe utaona herufi za aina yake, aghalabu AW, na tarakimu pembeni. Tarakimu mbili ni mwaka na nyingine ni mwezi: 62 na 4 maana yake ni Aprili 1962. Habu ikiwa haijabadilishwa, baiskeli nzima itakuwa ya mwaka huo au ya mwaka uliofuata. Utengenezaji wa habu hizi ulihamia Taiwan baada ya kampuni ya SunRace kuinunua Sturmey-Archer mwaka 2000, na kiwanda cha Raleigh cha Nottingham kilifungwa mwaka 2002, kwa hivyo yeyote anayekuuzia "Raleigh ya Nottingham ya juzi" anastahili kuulizwa maswali zaidi.

Nambari ya fremu nayo hutafutwa mahali pengi: nyuma ya kiungo kinachoshika nguzo ya kiti, kwenye ncha za nyuma zinazoshika ekseli, au chini ya bomba fupi ambamo ekseli ya krenki hupita. Usikwangue kwa kisu. Tumia mafuta ya taa na brashi ya meno iliyochakaa, kisha pitisha chaki juu ya nambari ili mistari ijae weupe. Nambari za Raleigh za kabla ya miaka ya 1970 zilirudiwarudiwa na hazitoshi kuthibitisha mwaka. Kuanzia 1973 mpango uliboreka: herufi ya kwanza hutaja kiwanda, N ikiwa Nottingham na W ikiwa Worksop, herufi ya pili hutaja mwezi, na tarakimu inayofuata ni ya mwisho ya mwaka.

Mambo ni tofauti kwa baiskeli za mbio, zile zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Hizi hazikuletwa kwa ajili ya mizigo. Huingia nchini zikiwa mitumba kupitia bandari ya Mombasa, na umaarufu wake ulipanda baada ya Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na mwendeshaji Mkenya David Kinjah, kushinda mashindano ya Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Zinapofika Kakamega huwa zimekwisha kupita mikono mingi, na habari za asili yake zimepotea njiani.

Jambo la kufahamu ni kwamba vipuri vya baiskeli ya mbio havithibitishi nchi ya fremu. Breki za Weinmann ni za Uswisi lakini zilifungwa kwenye Raleigh nyingi. Shimano ya Japani ilifungwa kwenye baiskeli za kila taifa. Simplex, Huret na Mafac ni majina ya Kifaransa, na zikipatikana zote tatu kwenye baiskeli moja kuna uwezekano mkubwa kwamba fremu nayo ni ya Ufaransa, lakini bado huo ni uwezekano tu.

Kipimo kisichodanganya ni hesi, yaani mikunjo ya nati, katika bomba la krenki. Fremu ya Kiingereza ina hesi 24 kwa kila inchi, na kikombe cha upande wa kulia hufunguliwa kinyume cha desturi. Fremu ya Kiitaliano ina bomba pana zaidi, la milimita 36, na vikombe vyote viwili hufuata desturi. Ya Kifaransa ni ya milimita 35 kwa hesi za milimita moja, nayo hufuata desturi pande zote mbili. Ya Kiswisi ni kama ya Kifaransa, ila upande wa kulia umegeuzwa. Raleigh, kwa ukaidi wake, ilitumia hesi 26 kwa inchi katika fremu za Nottingham, jambo lililowafanya wenye baiskeli hizo wategemee vipuri vya kampuni hiyo hiyo. Kipimo hicho hicho ndicho kinachoweza kufichua kwamba baiskeli yenye nembo ya chapa nyingine ilitoka Nottingham.

Hili lina gharama zake. Fundi asiyejua tofauti hii hukamata spana ndefu na kulazimisha kikombe cha Kiingereza kiingie katika fremu ya Kifaransa. Kikombe huingia, naam, lakini kikiwa kimekata hesi za awali, na baada ya miezi michache krenki huanza kucheza. Hapo fremu imekwisha. Kwa mtazamo wetu hii ndiyo sababu kubwa inayoua baiskeli nzuri za mitumba vijijini, kuliko kutu na kuliko ajali. Kabla ya kukaza chochote, zungusha kwa vidole; kikombe kinachokataa baada ya mzunguko mmoja si chake.

Yule asiyetaka kufungua krenki anaweza kupima kwa rula nzuri au kalipa. Shingo ya usukani ya Kifaransa ina upana wa milimita 22.0 ilhali ya Kiingereza na ya Kijapani ni 22.2. Bomba la kiti la Kifaransa ni milimita 28 kwa nje, la Kiingereza ni 28.6. Magurudumu ya inchi 27 kwa 1¼ yanaashiria Uingereza au soko la Marekani, na yale ya 700C yana asili ya Ufaransa ingawa sasa yametapakaa duniani kote. Tofauti ya kipenyo kati ya rimu hizi mbili ni milimita nane tu, na tairi la moja halikai kwenye nyingine. Muulize muuzaji wa matairi kabla ya kununua baiskeli, wala si baada.

Ubora wa fremu husomwa kwenye nguzo ya kiti. Itoe na utazame kipimo kilichochongwa chini yake. Nguzo ya milimita 27.2 katika fremu ya Kiingereza huashiria mabomba membamba na mepesi, kama vile Reynolds 531, chuma cha Birmingham kilichoingia sokoni mwaka 1935 na ambacho kibandiko chake huwa kwenye bomba la kiti. Nguzo ya 25.4 au 26 huashiria mabomba mazito ya bei nafuu. Kibandiko cha 531 juu ya fremu yenye nguzo nyembamba ya 25.4 kinatia shaka kubwa. Waitaliano walipenda mabomba ya Columbus ya Milan, na Wajapani walikuwa na Tange na Ishiwata.

Umri wa baiskeli ya mbio aghalabu hupatikana kwenye vipuri vya Shimano. Nyuma ya mkono wa krenki, au ndani ya mkono wa breki, kuna herufi mbili ndogo. Ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, B ikiwa 1977, na kuendelea hivyo. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba. Herufi KC basi ni Machi 1986. Orodha ilifika Z mwaka 2001 na kuanza upya, hivyo KC inaweza pia kuwa Machi 2012, lakini umbo la kipuri litakuonyesha haraka ni kipi. Vilevile pima nafasi kati ya ncha za nyuma zinazoshika ekseli: milimita 120 ni ya zama za gia tano, 126 ni ya gia sita au saba, na 130 ilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kuna alama nyingine ambazo hazikuwekwa na kiwanda. Uholanzi na Uingereza zimekuwa na desturi ya kuchonga msimbo wa posta wa mwenye baiskeli kwenye fremu. Wa Uholanzi ni tarakimu nne na herufi mbili, ukifuatwa na nambari ya nyumba. Denmark imelazimisha kila baiskeli mpya kuwa na nambari ya fremu tangu 1942, na nambari zake kwa kawaida huanza kwa herufi W. Maandishi "West Germany" yanamaanisha kwamba kitu hicho kilitengenezwa kabla ya Ujerumani kuungana mwaka 1990. Alama hizi hueleza baiskeli iliishi wapi, jambo ambalo si lazima liwe sawa na mahali ilipozaliwa.

Kuna hali moja ambapo uchunguzi wote huu unapaswa kukomea hapo: unapokuta nambari ya fremu imesuguliwa kwa tupa. Kutu hula chuma bila mpangilio. Tupa huacha mikwaruzo iliyonyooka upande mmoja. Chini ya kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya, anayepokea mali akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa anaweza kufungwa hadi miaka 14. Bei ya chini mno ni mojawapo ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyatazama kama sababu ya kuamini hivyo.

Kwa baiskeli isiyo na kasoro hiyo, andikianeni mapatano mbele ya mzee wa mtaa au naibu wa chifu, kama wengi wafanyavyo wanapouziana ng'ombe. Karatasi hiyo iwe na majina na nambari za vitambulisho vya wote wawili, tarehe, bei, na nambari ya fremu ikinakiliwa kama ilivyo, pamoja na herufi zisizoeleweka. Ikiwa kuna habu ya Sturmey-Archer, andika pia tarakimu zake. Fremu inaweza kupakwa rangi nyingine usiku mmoja, lakini ni wezi wachache wanaofahamu kwamba gurudumu la nyuma lina tarehe yake ya kuzaliwa.

Wenye baiskeli za kurithi, zile za babu aliyekuwa mwalimu au karani, wana nafasi nzuri kuliko mnunuzi wa sokoni. Risiti ya dukani huenda ingali sandukuni, na picha ya zamani inaweza kuonyesha nembo iliyopotea. Kabla ya kuikabidhi kwa mnunuzi wa vyuma, isafishwe habu ya nyuma na kutazamwa gurudumu la meno. Kazi hiyo huchukua muda wa nusu saa, na inahitaji kitambaa na mafuta ya taa ya shilingi chache tu.